Mpira Uliokauka: Uchambuzi wa Kisa cha Kisu Kilichofika Moyoni

Mgonjwa huyu aliletwa akiwa anaongea, na huenda hilo ndilo lililotuchelewesha. Alikuwa kijana aliyechomwa kisu mara moja upande wa kushoto wa kifua, takriban nusu saa kabla ya kufika mapokezi ya dharura. Kisu hakikuja naye, kwani aliyemchoma alikichomoa na kuondoka nacho. Mambo yanayoweza kumtambulisha nimeyaacha au kuyabadilisha, lakini mfuatano wa matukio ni kama ulivyokuwa, na kosa kubwa katika kisa hiki ni langu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa daktari wa upasuaji wa zamu.

Jeraha lenyewe lilikuwa dogo: mpasuko wa sentimita 2 wenye kingo zilizonyooka, upana wa vidole viwili kutoka ukingo wa kushoto wa mfupa wa kidari, kati ya ubavu wa 4 na wa 5. Halikuwa likitoa damu nyingi, na shashi iliyowekwa juu yake ilikuwa na doa lisilozidi kiganja. Kila anayefundishwa kupokea majeruhi huelezwa habari za eneo la hatari la moyo, yaani sehemu ya kifua inayopakana na mitulinga kwa juu, ncha za mbavu kwa chini, na mistari miwili inayoshuka kupitia chuchu kwa pembeni, na huambiwa kwamba jeraha lolote la kuchomwa lililo ndani ya mipaka hiyo lihesabiwe kuwa limefika moyoni mpaka uchunguzi uonyeshe kuwa moyo umesalimika. Jeraha hili lilikuwa ndani kabisa ya mipaka hiyo. Chini yake ipo ventrikali ya kulia, yaani chumba cha chini cha kulia cha moyo, ambayo, kwa kuwa ndiyo iliyokaa mbele zaidi kifuani, hujeruhiwa na visu mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya moyo. Mipaka hiyo, niseme hapa hapa, inafaa kwa visu kuliko kwa risasi. Risasi iliyoingilia kwapani, mgongoni au hata tumboni inaweza kuufikia moyo bila kujali mistari yetu.

Vipimo vya kwanza vilikuwa hivi: shinikizo la damu 88 kwa 70, mapigo ya moyo 124 kwa dakika, pumzi 30 kwa dakika, na kiwango cha oksijeni katika damu asilimia 91 kabla ya kuvishwa barakoa ya oksijeni. Mishipa ya shingo haikuwa imetuna. Sauti ya pumzi upande wa kushoto ilikuwa hafifu, na sehemu ya chini ya upande huo ilipogongwa kwa kidole ilitoa mlio mzito kama wa chombo kilichojaa maji. Sauti za moyo zilisikika, ingawa kusema kama zilikuwa za mbali au za kawaida katika chumba chenye watu tisa na mashine tatu zinazolia ni kazi ambayo sijawahi kumwona mtu akiifanya kwa uhakika. Jambo moja liliandikwa na muuguzi pembezoni mwa fomu, wala halikurudiwa na daktari yeyote: mgonjwa hakutaka kulala chali. Kila alipolazwa alijiinua kwa viwiko akitaka kukaa na kuinamia mbele.

Hatua za mwanzo zilikwenda kama inavyotakiwa. Alitundikiwa dripu mbili kwa sindano nene, sampuli ya damu ikapelekwa maabara ili damu itafutwe, akapewa kwa dakika 10 gramu 1 ya traneksamiki, dawa ya kuzuia damu isiendelee kutoka, ambayo faida yake hupatikana ikianzishwa ndani ya saa 3 tangu kuumia. Maji ya dripu alipewa kwa kipimo kidogo kidogo, mililita 250 kwa wakati, bila kulazimisha shinikizo lirudi kwenye hali ya kawaida, kwa sababu shinikizo likipandishwa kabla ya tundu kuzibwa husukuma nje damu zaidi, na maji mengi huipunguzia damu uwezo wa kuganda. Dakika ya 6 tangu afike, daktari wa mapokezi aliweka ultrasaundi chini ya kidari akauangalia moyo, kisha pembeni mwa kifua na tumboni. Alikuta damu nyingi katika uwazi wa pafu la kushoto, yaani nafasi iliyo kati ya pafu na ukuta wa kifua. Kuhusu moyo aliandika maneno matatu: "Moyo: hakuna maji."

Dakika ya 14 mgonjwa aliwekewa mpira wa kifua, yaani mrija wa kutolea damu, upande wa kushoto, kati ya ubavu wa 5 na wa 6, mbele kidogo ya mstari wa katikati ya kwapa. Mililita 800 za damu zilitoka papo hapo. Pumzi zilipungua, oksijeni ikapanda hadi asilimia 97, shinikizo likafika 104 kwa 76. Katika dakika 20 zilizofuata mpira ulitoa mililita 60 tu, na baada ya hapo ukakauka kabisa. Daktari wa mapokezi alinipigia simu, akanieleza yote kwa ufasaha, nami nikafanya hesabu ambayo kila daktari wa upasuaji anaijua kwa moyo: kifua hufunguliwa pale mpira unapotoa zaidi ya mililita 1,500 mara tu unapowekwa, au unapoendelea kutoa mililita 200 kwa saa kwa saa 2 hadi 4. Huyu alikuwa chini ya viwango vyote viwili, shinikizo lake limepanda, ultrasaundi ya moyo haionyeshi kitu. Nikasema aangaliwe kwa karibu, apigwe eksirei, nami ningekuja kumwona nikimaliza mgonjwa niliyekuwa naye.

Kila kimoja katika hesabu hiyo kilikuwa sahihi, na jibu lake lilikuwa kosa. Viwango vya mililita 1,500 na 200 vimewekwa ili kutuambia ni lini damu inayotoka kwenye pafu au kwenye mishipa ya ukuta wa kifua haitakoma yenyewe. Havikuwekwa kwa ajili ya kuuliza kama moyo umetoboka. Na ultrasaundi, ambayo ni chombo kizuri sana cha kuona damu ndani ya mfuko wa moyo, ina udhaifu mmoja unaojulikana, nao ndio uliokuwa mbele yetu usiku ule: damu inapokuwa imejaa upande wa kushoto wa kifua, jibu la "hakuna maji kwenye moyo" halifai kuaminiwa. Kisu kinapopenya hadi moyoni hutoboa kwanza mfuko wa moyo, yaani perikadia. Tundu la mfuko likibaki wazi, damu inayotoka moyoni haikai ndani ya mfuko bali humwagikia kwenye uwazi wa pafu la kushoto. Mchunguzi anaona mfuko mtupu na kifua kilichojaa, anaandika kwamba moyo ni salama na pafu ndilo linalovuja, kumbe damu yote ile imetoka moyoni.

Hivyo basi mpira uliokauka haukuwa na maana tuliyoipa. Tulidhani damu imekoma. Kilichotokea ni kwamba bonge la damu lilikuwa limeliziba tundu la mfuko, njia ya kutokea kifuani ikafungwa, na tangu dakika hiyo kila tone lililotoka kwenye ventrikali lilianza kubaki ndani ya mfuko. Perikadia ni utando mgumu usiotanuka haraka. Ugonjwa unaoingiza maji polepole kwa wiki nyingi unaweza kuufanya ubebe hata zaidi ya lita moja, lakini kwa damu inayoingia ghafla, mililita zisizozidi 100 zinaweza kutosha kuuzuia moyo kujaa. Vyumba vya upande wa kulia, vyenye kuta nyembamba na shinikizo dogo, ndivyo vinavyobanwa kwanza. Damu inayorudi kutoka mwilini haipati pa kuingia, na moyo unapiga haraka zaidi na zaidi huku ukisukuma kidogo zaidi na zaidi. Ndiyo hali inayoitwa tamponadi.

Dakika ya 48 muuguzi aliyekuwa naye alimwita daktari bila kusubiri zamu ya vipimo. Mapigo yalikuwa 132 na shinikizo 92 kwa 80. Ukitazama namba ya juu peke yake, ni afadhali kuliko alivyofika. Ukitazama zote mbili, utaona kwamba nafasi kati ya namba ya juu na ya chini imepungua kutoka 28 baada ya mpira kuwekwa hadi 12, na hiyo ndiyo lugha ya moyo uliobanwa: mishipa ya mwili imejikaza kuishikilia namba ya chini, wakati kila pigo linatoa damu kidogo kuliko lililotangulia. Mikono yake ilikuwa ya baridi na yenye jasho hadi kwenye viwiko. Alikuwa amekaa tena, ameinama mbele, akirudia kusema kwamba akilala atakufa. Daktari alipoweka ultrasaundi kwa mara ya pili aliona ukanda mweusi ukiuzunguka moyo, na ndani yake kitu cha kijivu kikitikisika kama uji ulioshikana, na ukuta wa ventrikali ya kulia ukiingia ndani kila moyo ulipotaka kujaa.

Hapa yafaa kusema neno juu ya dalili tatu zilizoelezwa na daktari wa Marekani Claude Beck mwaka 1935, yaani shinikizo kushuka, mishipa ya shingo kutuna na sauti za moyo kufifia. Hufundishwa kama ufunguo wa kuitambua tamponadi, na katika mtihani hakuna ubaya. Kwa majeruhi, lakini, mara nyingi hazikamiliki. Mgonjwa aliyepoteza karibu lita moja ya damu kifuani hana damu ya kuitunisha mishipa ya shingo. Shingo yake hubaki bapa hata moyo ukibanwa, na inaweza kuanza kutuna pale tu tunapomjaza maji. Hata dakika ya 48 shingo ya mgonjwa wetu haikuwa na kitu cha kumshangaza mtu. Mimi huamini zaidi mahangaiko ya mgonjwa anayekataa kulala, yakiambatana na namba mbili za shinikizo zinazokaribiana, kuliko hizo dalili tatu zikingojwa zitimie.

Nilifika dakika ya 53. Swali la kwanza lililoulizwa na daktari kijana lilikuwa kama tumchome sindano chini ya kidari ili tuinyonye damu iliyo ndani ya mfuko. Ni swali la haki. Mahali ambapo hakuna mtu wa kufungua kifua, au ambapo mgonjwa lazima asafirishwe, sindano inayoongozwa na ultrasaundi inaweza kununua dakika, kwa sababu kupunguza hata mililita 20 huweza kuupa moyo nafasi ya kupumua. Lakini damu ya jeraha bichi huganda, na bonge haliingii kwenye sindano; ncha ya sindano inaweza kuutoboa moyo mahali pengine; na hata ikifanikiwa, tundu bado lipo. Sisi tulikuwa na chumba cha upasuaji kilicho wazi, hatua chache tu kutoka pale. Hatukuchoma. Swali la pili, ambalo hakuna aliyelitamka lakini lilikuwa machoni pa kila mtu, ni kama tufungue kifua palepale kwenye kitanda cha mapokezi. Hilo ni la mgonjwa ambaye moyo wake umesimama mbele yetu, au ulisimama njiani naye akakandwa kifua kwa muda usiozidi dakika 15 ikiwa ameumia kwa kuchomwa, au anayezama kiasi kwamba hatafika chumba cha upasuaji. Huyu alikuwa bado anaongea. Tulikwenda naye, kisu na kipanuzi cha mbavu vikiwa juu ya machela, ili kama moyo ungesimama kwenye korido tungefungua hapo hapo.

Sehemu ya kisa hiki ninayoitamani isomwe na wataalamu wa dawa za usingizi ni ya dakika nne zilizofuata. Mgonjwa mwenye tamponadi huishi kwa sababu mwili wake unakaza mishipa kwa nguvu zote na kwa sababu anavuta pumzi mwenyewe, na kila pumzi anayovuta husaidia kuirudisha damu moyoni. Dawa ya usingizi hulegeza mishipa, na mashine ya kupumulia, ambayo husukuma hewa badala ya kuivuta, hupandisha shinikizo la ndani ya kifua na kuzuia damu kurudi. Mambo hayo mawili yakifanyika kwa pamoja kabla daktari wa upasuaji hajawa tayari, moyo unaweza kusimama kimya kimya huku timu ikitafuta glavu. Kwa hiyo mgonjwa alisafishwa kifua akiwa macho, ameinuliwa kidogo kichwani, akafunikwa vitambaa safi kuanzia shingoni hadi mapajani, mimi na msaidizi tukasimama mahali petu na kisu mkononi, ndipo mtaalamu wa usingizi, aliyechagua ketamini kwa dozi iliyopunguzwa pamoja na dawa ya kulegeza misuli, akaniuliza, "Daktari, uko tayari?" Nikamjibu niko tayari. Ndani ya nusu dakika shinikizo lilikuwa 45, na namba ya chini haikuonekana.

Zipo njia mbili kuu za kuufikia moyo. Ya kwanza ni kuupasua mfupa wa kidari kwa urefu, njia inayoufunua uso wa mbele wa moyo vizuri kuliko nyingine zote na kumpunguzia mgonjwa maumivu baadaye. Wengi huichagua kwa jeraha la mbele lenye mgonjwa aliyetulia. Ya pili ni kukata upande wa kushoto, kuanzia ukingo wa kidari, chini ya chuchu, kuufuata mpindo wa ubavu hadi kwapani. Hii haihitaji msumeno, hufanyika kwa dakika moja au mbili, humpa daktari pafu la kushoto, shina lake na mshipa mkuu wa damu unaoshuka nyuma ya kifua, na kama haitoshi huendelezwa kuvuka kidari hadi upande wa kulia. Kwa kuwa tulijua kuna damu upande wa kushoto lakini hatukujua kama pafu limejeruhiwa pia, nilikata kushoto. Misuli ya kati ya mbavu hukatwa ukipita juu ya ukingo wa juu wa ubavu, kwa sababu mishipa yake imejificha chini ya ukingo wa chini wa ubavu uliotangulia. Kipanuzi kiliwekwa mpini wake ukielekea kwapani. Ni jambo dogo, lakini ukiuelekeza kwenye kidari na baadaye ukahitaji kuvuka kwenda kulia, chuma hicho kitakuwa kimekaa mahali unapotaka kukata, na itakubidi ukifungue na kukiweka upya wakati ambapo hakuna wakati.

Mfuko wa moyo ulikuwa umejaa, wa rangi ya buluu iliyofifia, umekazika kama ngozi ya ngoma. Ukijaribu kuushika kwa koleo unateleza. Niliuchana kwa ncha ya kisu, nikaendeleza kwa mkasi kuelekea juu na chini, sambamba na neva ya freniki na mbele yake kwa zaidi ya sentimita moja. Neva hiyo inashuka ubavuni mwa mfuko kama uzi wa rangi ya maziwa, na anayeikata humwachia mgonjwa kiwambo, yaani msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, kisichofanya kazi upande mmoja maisha yake yote. Bonge la damu lenye ukubwa wa ngumi ya mtoto, jeusi na laini kama ini, lilitoka lenyewe. Moyo ulijaa mara hiyo. Kabla sijasema chochote mtaalamu wa usingizi alitangaza 110.

Na hapo damu ikaanza kuruka. Hili huwashtua wanaoliona kwa mara ya kwanza: tamponadi ndiyo iliyokuwa ikimuua, na ndiyo pia iliyokuwa imezuia asiishiwe damu yote. Tundu lilikuwa la sentimita 1 kwenye uso wa mbele wa ventrikali ya kulia, karibu sana na ateri ya koronari (mshipa unaoulisha moyo wenyewe damu) inayoshuka katikati ya ventrikali mbili. Niliweka kidole. Kidole kimoja, kilichowekwa juu ya tundu na wala si ndani yake, kinatosha kwa majeraha mengi ya aina hii, na kikishawekwa hakuna tena haraka. Mtaalamu wa usingizi anapata nafasi ya kuongeza damu, msaidizi anapata nafasi ya kunyonya na kuona, na uzi unaofaa unatafutwa. Wapo wanaopitisha mrija wa mkojo kwenye tundu, wakajaza puto lake na kulivuta taratibu. Njia hiyo imeokoa watu, ila anayevuta kwa nguvu hulipanua tundu, na puto lenyewe likiwa ndani ya ventrikali ndogo hupunguza nafasi ya damu. Wapo pia wanaobana kingo kwa vipini vya chuma vya kushonea ngozi, kisha wakashona vizuri baadaye. Kwa jeraha hili kidole kilitosha.

Nilishona kwa uzi wa polipropilini namba 3-0, mishono miwili ya kulala inayopita chini ya kidole, kila mmoja ukikalia vipande vidogo vya kizuizi. Vipande maalumu vya kiwandani havikuwapo, kwa hiyo tulikata vipande vya perikadia ya mgonjwa mwenyewe, ambavyo vinafaa kabisa. Vizuizi hivyo ni vya lazima hasa kwenye ventrikali ya kulia, kwa sababu ukuta wake ni mwembamba wa milimita chache, na uzi ukikazwa juu ya nyama inayopiga mara 120 kwa dakika huikata kama uzi unavyokata jibini. Kwa upande wa ateri ya koronari, sindano iliingia upande mmoja wa ateri, ikapita chini yake na kutokea upande wa pili, ili kingo za jeraha zikutane bila ateri yenyewe kufungwa ndani ya mshono. Aliyeshona kwa kuvuka juu ya ateri angeziba tundu na kuusababishia moyo huo huo shambulio. Baada ya kufunga tuliutazama uso wa moyo chini ya mshono kwa dakika tatu nzima: haukubadilika rangi, na mchoro wa umeme wa moyo haukuonyesha mabadiliko.

Kinachosahaulika ni mgongo wa moyo. Kisu kinaweza kuingia mbele na kutokea nyuma, na tundu la nyuma halionekani mpaka moyo uinuliwe. Lakini moyo ukiinuliwa mishipa inayoujaza hupinda, na huacha kujaa. Niliuinua kwa mara ya kwanza haraka mno, mapigo yakavurugika na shinikizo likashuka hadi 50, ikabidi niurudishe. Mara ya pili tuliuinua kwa kuweka vitambaa vyenye maji ya uvuguvugu chini yake kimoja baada ya kingine, tukasubiri kati ya kila kimoja, hadi upande wa nyuma ukaonekana kwa sekunde chache. Ulikuwa mzima. Mashine ya kushtua moyo ilikuwa imefunguliwa, vijiko vyake vya ndani viko tayari kwa nguvu ya jouli 20, lakini haikuhitajika.

Shinikizo lilipokuwa limetulia kwenye 115 tuliona damu nyekundu ikitiririka kutoka upande wa kidari. Ilikuwa ateri ya ndani ya kidari, ambayo kisu kilikuwa kimeipasua, na ambayo kwa shinikizo la 45 haikuwa imetoa hata tone. Ilifungwa ncha zote mbili. Pafu la kushoto lilikuwa na mpasuko wa juu juu, ukashonwa kwa mishono mitatu. Mfuko wa moyo haukufungwa wote. Uliachwa wazi sehemu ya chini ili damu yoyote itakayovuja ipate njia, nao mwanya haukuwa mkubwa kiasi cha kuuruhusu moyo kuchomoza. Mpira mmoja uliwekwa karibu na moyo na miwili kwenye uwazi wa pafu. Kwa jumla alipata chupa 4 za damu na 4 za plazima, yaani maji ya damu.

Kwamba moyo unaweza kushonwa si habari mpya. Axel Cappelen alishona ventrikali ya kushoto huko Christiania, mji unaoitwa leo Oslo, mwaka 1895, na mgonjwa wake akafa siku chache baadaye. Mwaka uliofuata Ludwig Rehn alishona ventrikali ya kulia huko Frankfurt, mishono mitatu ya hariri kwenye jeraha la sentimita 1.5, na mgonjwa akapona. Linalonivutia katika kisa cha Rehn ni kwamba mtu yule alifanyiwa upasuaji siku ya pili baada ya kuchomwa. Aliishi muda wote huo kwa sababu mfuko wake wa moyo ulivuja kidogo, ukabana kidogo, na haukufanya lolote kati ya hayo kwa ukamilifu. Wanaofika hospitalini wakiwa hai wakiwa na tundu la moyo ni wale waliopata mlingano huo. Mgonjwa wetu aliupata njiani, na kwa dakika 48 baada ya kufika.

Tulipokaa kuchambua kisa, mjadala ulikuwa juu ya zile dakika 20 baada ya mpira kuwekwa, wala si juu ya chumba cha upasuaji. Daktari mmoja alisema eksirei ingetuonya. Si kweli, eksirei ya tamponadi ya ghafla kwa kawaida huonyesha moyo wenye ukubwa wa kawaida, maana mfuko haujatanuka. Mwingine alipendekeza CT, yaani picha za eksirei zinazounganishwa na kompyuta, na hiyo ni sawa kwa mgonjwa aliyetulia kwelikweli, ila mgonjwa aliyetoka 88 kwenda 104 baada ya dripu na mpira hajatulia, amesaidiwa tu. Mimi nilikubali kwamba mambo mawili yalipaswa kufanyika. La kwanza ni dogo: kurudia ultrasaundi ya moyo mara damu ya kifuani ilipotoka, na kuirudia tena mpira ulipokauka, kwa kuwa ndipo chombo kile kinapoanza kusema kweli. La pili ni kubwa zaidi. Kwa jeraha lililo ndani ya eneo la hatari, lenye damu upande wa kushoto wa kifua, na ultrasaundi isiyoonyesha kitu, mgonjwa alitakiwa aende chumba cha upasuaji afunguliwe dirisha dogo chini ya kidari ili mfuko wa moyo uonwe kwa macho. Ukikutwa na maji safi, unafungwa na mgonjwa amepata kovu la sentimita chache. Ukikutwa na damu, timu nzima iko pale pale na msumeno uko mezani.

Ipo hoja inayopinga, na ni ya maana. Utafiti uliofanyika Cape Town na kuchapishwa mwaka 2014, ambao wagonjwa wake waligawanywa kwa bahati nasibu, ulionyesha kwamba mgonjwa aliyetulia ambaye dirisha limeonyesha damu, na damu hiyo ikaisha baada ya mfuko kuoshwa, anaweza kuachiwa mpira tu bila kupasuliwa kidari. Wenzangu wawili walisema basi huenda hata huyu angepona bila kushonwa. Sikubaliani nao: wagonjwa wa utafiti ule walikuwa na shinikizo imara na hawakuwa wakivuja tena, wakati huyu alikuwa na tundu lililoruka damu mara tu bonge lilipotoka. Lakini hoja yao inaunga mkono dirisha lenyewe, kwa sababu bila dirisha huwezi kujua mgonjwa yuko kundi lipi.

Alitolewa mrija wa hewa kooni baada ya saa 18. Siku ya pili daktari wa wodi ya wagonjwa mahututi alisikia mlio wa kuvuma kila moyo ulipojikaza, upande wa kushoto wa kidari, mlio ambao haukuwapo kabla. Uchunguzi kamili wa ultrasaundi ya moyo ulionyesha tundu dogo kwenye ukuta unaotenganisha ventrikali mbili: kisu kilikuwa kimeipita ventrikali ya kulia na kuugusa ukuta wa kati, jambo ambalo daktari wa upasuaji hawezi kuliona kwa nje wala kulishona bila mashine ya kuzungusha damu. Ndiyo maana kila moyo ulioshonwa kwa dharura huchunguzwa tena kabla ya mgonjwa kuruhusiwa, hata kama hana lalamiko. Damu iliyokuwa ikipita kwenye tundu hilo ilikuwa kidogo, moyo haukuwa umetanuka, na madaktari wa moyo waliamua kusubiri. Mpira wa moyo ulitolewa siku ya tatu, ya kifua siku ya nne na ya tano, na akaruhusiwa siku ya 11.

Miezi mitatu baadaye alirudi kliniki akiwa na nguvu zake. Mlio ulikuwa bado unasikika, hafifu kuliko mwanzo, na tundu limepungua. Lalamiko lake lilikuwa la ganzi chini ya chuchu ya kushoto, ambayo ni ya neva ya ubavu na huenda isiishe. Fomu ya mapokezi sasa ina mistari miwili mahali palipokuwa na mmoja: ultrasaundi ya moyo kabla ya mpira, na ultrasaundi ya moyo baada ya mpira, kila mmoja na saa yake.